Mlalo wa Mchinga

Mchinga nzima ilijua kwamba Mwahija binti Salumu ana vitu viwili visivyo na mpinzani, vitumbua na kiuno. Vitumbua alivipika kila asubuhi uani kwake na kuviuza barazani kabla jua halijawa kali. Kiuno kilikuwa cha wanawake peke yao. Mwahija alikuwa kungwi, na kazi ya kungwi, kwa asiyeijua, ni kumfunda bibi arusi namna ya kukaa na mume, na mawifi, na jiko, na hasira zake mwenyewe, kisha siku ya shughuli kumtoa uani mbele ya wanawake na kumchezea ngoma, yaani kumcheza. Maneno ya mafunzo hayaandikwi, nami siyaandiki. Kuhusu ngoma naweza kusema kidogo: kungwi hucheza kwa kiuno huku mabega yametulia, na mabega ya Mwahija yalitulia kiasi kwamba siku moja waliwahi kumwekea kikombe cha chai kichwani, akacheza, na kikombe kikashushwa na chai yake. Waliokuwapo walisema kikombe kilijaa. Wale ambao hawakualikwa walisema kilikuwa nusu.

Mumewe, Maftaha, alikuwa fundi seremala, mtu aliyezungumza na mbao zaidi ya watu. Habari za kiuno cha mkewe alizijua kama mji ulivyozijua, na mtu akimsifia alijibu kwamba hata vitumbua si vibaya.

Mwaka ule picha ya malkia mpya wa Waingereza ilipotundikwa barazani kwa liwali, Mwahija alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na mbele yake kulikuwa na arusi moja aliyoingoja kuliko zote. Mastura, shoga yake tangu wakiwa watoto wa kuchota maji, alikuwa amefariki miaka sita nyuma akiacha binti mmoja, Mwanaasha. Siku zake za mwisho Mastura alimshika Mwahija mkono na kumwambia, "Huyu usimwachie mtu mwingine amcheze. Uwe wewe." Mwahija akaitikia. Sasa Mwanaasha alikuwa na miaka ishirini, amechumbiwa na Abdurahmani, fundi cherehani wa Lindi, na arusi ilipangwa mfungo saba, mwezi unaofuata maulidi. Mwahija alikwisha kuchagua hata kanga atakayojifunga kiunoni siku hiyo.

Asubuhi moja, wiki tisa kabla ya arusi, upawa ulimponyoka ukaanguka chini. Akainama kuuokota, magoti yamenyooka kama alivyoinama maisha yake yote, akajigeuza kidogo kuukwepa moshi wa makuti, na hapo hapo akapiga chafya. Ni hivyo tu. Alihisi kitu kikiachia chini ya kiuno, bila mlio wowote, kisha moto ukashuka tako la kushoto, ukapita nje ya paja, ukapita muundi, ukaishia kidole gumba cha mguu. Akabaki ameinama na upawa mkononi, vitumbua vikiungua mbele yake kimoja baada ya kingine.

Maftaha alitoka na shoka la mkono, kwa kuwa alisikia harufu na kudhani nyumba inaungua. Akamuuliza amepatwa na nini.

"Kinu," Mwahija akasema, akiiambia ardhi.

"Kinu gani?"

"Nilikuwa nanyanyua kinu."

Maftaha akakitazama kinu. Kilikuwa upande wa pili wa ua, na ndani yake kuku alikuwa anaatamia kwa utulivu wa siku nyingi. Lakini alikuwa ameishi na mkewe miaka thelathini. "Kinu kizito hicho," akasema, akaenda kuviokoa vitumbua.

Hadithi ya kinu ikatoka uani ikaenda mjini, na kila ilipopita kinu kiliongezeka. Ilipofika msikitini kilikuwa cha mvule, kimejaa mpunga. Mwahija hakumsahihisha mtu. Kuangushwa na kinu ni ajali ya heshima, lakini kiuno kilichobeba kikombe cha chai hakiwezi kuangushwa na chafya.

Siku ya pili alisimama, ila si wima. Mwili wenyewe ulimlaza upande wa kulia, kama mti uliokulia kwenye upepo, kwa sababu akijinyoosha tu moto unashuka mguuni. Mtu mwenye akili angebaki kitandani. Lakini Alhamisi ile kulikuwa na shughuli kwa jirani, na kungwi alikuwa yeye, naye hakutaka mtu aanze kuuliza kuhusu arusi ya Mwanaasha. Akajifunga kanga, akaenda, akacheza kama mwili ulivyomruhusu: amelala upande wa kulia, mguu wa kushoto ukigusa chini kwa ncha tu, taratibu mno, uso umekazwa na maumivu ambayo kwa mbali yalionekana kama maringo.

Wanawake walimkazia macho. Kisha mmoja aliyekaa mbele akalala upande wa kulia. Wa pili akamfuata. Kabla ngoma haijaisha ua mzima ulikuwa umeinama upande mmoja, ncha za miguu ya kushoto zikigusa mkeka kwa madaha, na bibi mmoja mnene alikuwa ameegemea nguzo kwa sababu alizidisha. Mtindo ukapewa jina siku ile ile: mlalo wa Mchinga. Wiki iliyofuata ulichezwa Lindi. Wiki ya tatu mtu aliyetoka Kilwa alieleza kwamba kule wanaulalia upande wa kushoto, na wanawake wa Mchinga walimsikitikia.

Mwahija angeweza kufurahi kama angeweza kukaa. Kukaa ndiko kulikokuwa kubaya kuliko yote. Vitumbua alivipika amesimama, akijifikisha jikoni kwa upawa ambao Maftaha aliuongezea mpini. Usiku alilala magoti yamekunjwa, na akikohoa alishika ukuta kwanza.

Tiba zilianza. Mzee Abilahi, aliyewaumika watu kwa pembe, alimuumika pembe sita mgongoni na kumwonyesha damu nyeusi iliyotoka, ambayo ilikuwa damu kama nyingine. Akakandwa kwa mafuta ya nazi yenye karafuu, akanukia kama pilau kwa siku tatu. Moto wa mguuni haukujali. Ndipo shangazi wa Mwanaasha, Bibi Tawakali, yule yule mnene wa nguzoni, akakumbusha jambo ambalo familia yao waliliamini tangu zamani: mgongo ulioteguka hurudi mahali pake ukikanyagwa na mtu aliyezaliwa pacha. Wakatafuta pacha. Mchinga haikuwa na pacha mtu mzima hata mmoja. Pacha aliyejulikana alikuwa Kitomanga, na jina lake lilikuwa Kadija.

Hapo Mwahija aliomba apewe siku mbili za kufikiri. Kadija alikuwa kungwi pia, mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili, mwenye sauti nzuri na subira kidogo, na kama kulikuwa na mtu ambaye angeitwa kumcheza Mwanaasha endapo Mwahija atashindwa, ni huyo. Kumlalia chini mpinzani wako ili akukanyage ni jambo linalohitaji moyo. Lakini zilikuwa zimebaki wiki tano na siku chache. Siku ya pili jioni alisema aitwe.

Kadija alikuja na heshima zote. Alivua ndara, akanawa miguu, akapiga bismillahi, akapanda. Alikanyaga kwanza kwa huruma, kisha kwa bidii, na nadhani mwishoni kulikuwa na mikanyago miwili mitatu ya mambo ya zamani. Kitu kikalia ko.

"Umesikia?" Kadija akasema akiwa juu yake. "Umerudi."

Mwahija alikuwa bado anatafuta pumzi. Walipomwinua alikuwa amelala upande wa kulia kuliko alivyokuwa, na Kadija, ambaye hakuwa mjinga, alimtazama kwa muda mrefu. Alimtazama kuanzia bega hadi ncha ya mguu wa kushoto.

"Shoga," akasema polepole, "kwa hiyo ule mlalo..."

"Nyamaza," Mwahija akasema.

Kadija akakaa kizingitini. Wiki mbili nzima alikuwa amewafundisha wanawake wa Kitomanga mlalo, na aliwaambia kwamba aliupokea kutoka kinywani kwa Mwahija mwenyewe, pamoja na maana zake za ndani, ambazo alizitunga njiani. Akifungua mdomo sasa, atakayechekwa kwanza ni yeye. Akanyamaza. Baadaye alidai kwamba alinyamaza kwa huruma.

Asubuhi iliyofuata ndara ya mguu wa kushoto ilimvuka Mwahija bila yeye kujua. Akairudia, ikamvuka tena. Kidole gumba hakikutaka kuinuka, na juu ya wayo palikuwa na ganzi kama pamefunikwa kitambaa. Maftaha alimtazama akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni, mguu ukipiga chini pa, pa, akaweka randa mezani. Akasema kwamba kesho roli la mbata, zile nazi kavu, linakwenda Lindi, nao watakuwa ndani yake, na kutoka Lindi watatafuta gari la kwenda hospitali ya misheni huko bara. Hakuuliza, alisema. Mwahija alishangaa hata akasahau kubisha. Alichofanya ni kupika vitumbua vya njiani, kwa kuwa hakukubali kuingia ugenini mikono mitupu.

Alisafiri amelala kifudifudi juu ya magunia ya mbata, na alipofika alikuwa ananuka nazi tupu.

Aliyempokea alikuwa nesi mmoja kijana, Martina, Mmakonde mwenye msalaba mdogo shingoni na mikono ya baridi. Alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza yalianzaje. Mwahija akasema kinu. Martina akauliza alikiinuaje. Mwahija akaeleza, na alipoulizwa tena akaeleza tofauti, na mara ya tatu kinu kikawa kinashushwa badala ya kunyanyuliwa. Martina akamwomba Maftaha akaangalie kama gari limepata maji. Gari halikuhitaji maji, lakini Maftaha akaenda.

"Sasa, mama," Martina akasema.

Mwahija akautazama ukuta. "Chafya."

Martina hakucheka. Alisema kwamba mwezi uliopita alilala hapo mchukuzi wa bandarini aliyebeba magunia miaka kumi na minne bila kulalamika, akaangushwa na kufunga kamba ya kiatu. Akasema ndivyo mgongo ulivyo: mzigo unaubeba miaka, kisha siku moja kitu kidogo kinakuja kumalizia. Ukiwa umeinama na kujipinda, chafya moja ina nguvu ya kutosha. Mwahija alisikia mwili wake ukilegea, nusu kwa nafuu na nusu kwa kusikitika kwamba kinu alikibeba bure wiki zote zile.

Akalazwa chali. Martina akainua mguu wa kulia umenyooka; ukapanda bila shida. Akainua wa kushoto, na haukufika hata nusu kabla Mwahija hajashika fito za kitanda. Akamgusa miguuni kwa pamba, akamwambia afumbe macho na aseme anahisi wapi. Akasukuma kidole gumba na kumwambia apinge. Kisha akamuuliza kama anapata haja ndogo bila shida, na kama akijisafisha anahisi vizuri sehemu zote. Na hapa kungwi wa Mchinga, aliyewaeleza mabibi arusi thelathini na tisa mambo yote bila kupepesa, aligeuza uso, akajifunika kanga hadi machoni, akajibu kwa sauti ya mtoto kwamba ndiyo, anahisi. Martina akasema ni vizuri, na kwamba hayo mawili yakibadilika siku yoyote asingoje roli la mbata wala la chumvi, aje siku hiyo hiyo kwa chombo chochote.

Maftaha aliporudi alikuta nesi ameketi na visanduku viwili vya viberiti mkononi.

"Uti wa mgongo ni pingili," Martina akasema, "moja juu ya nyingine. Viberiti hivi ndivyo pingili mbili. Kati yake kuna kitu cha kuzuia zisisagane. Nje kigumu, ndani laini. Mama, naomba kitumbua kimoja."

Mwahija akafunua kawa kwa fahari. Martina akaweka kitumbua kati ya viberiti.

"Tuseme kimeiva pembeni, katikati bado uji. Ukibonyeza sawasawa, kinatulia. Ukibonyeza upande mmoja tu, kila siku, ule uji unasukumwa kwenda upande wa pili, hadi siku ukingo unapasuka na uji unachungulia nje. Na hapo nje ndipo unapopita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Uji ukiugusa, unaungua hadi kidoleni. Ndiyo maana unaumwa mguu wakati ugonjwa uko kiunoni. Na mwili unalala upande wa pili ili kuupa mshipa nafasi."

Akabonyeza upande mmoja. Kitumbua kikavunjika vipande viwili vikavu.

"Changu hakina uji," Mwahija akasema.

Martina akabaki na viberiti vyake. Maftaha akakohoa. Akanyoosha mkono, akapekua vitumbua vya chini, akatoa kimoja na kumpa nesi bila kumtazama mkewe. Martina akabonyeza. Uji mweupe ukatoka upande wa pili, taratibu, ukadondokea mezani.

Mwahija akaugusa uji ule kwa kidole.

"Tangu lini?" Mwahija akauliza.

"Tangu uanze kupika umesimama upande," Maftaha akasema. "Upande mmoja wa kikaango huufikii vizuri. Vile vibichi huwa navitoa kabla havijafika barazani."

"Unavipeleka wapi?"

"Navila."

Wiki nne mtu huyu alikuwa amekula vitumbua vibichi kila asubuhi na hakusema neno. Wanaomjua Mwahija wanasema kwamba katika maradhi yote yale alilia mara moja tu, na ni hapo, na kwamba alisema analilia vitumbua.

Ndipo akauliza lile alilokuja kuuliza. Akaeleza habari za Mastura na ahadi yake, na kwamba zimebaki wiki tano. Martina akasema kwa wengi uvimbe wa pale kwenye mshipa hutulia wenyewe, ila kwa miezi, si kwa siku. Alale kwenye mbao wiki tatu, kisha aanze kutembea kidogo kidogo. Asikandwe kwa nguvu. Asikanyagwe na mtu yeyote, pacha wala asiye pacha. Akiokota kitu achuchumae, mgongo umenyooka, kazi waifanye magoti.

"Kutembea utatembea, naamini," akasema. "Kucheza sikuahidi. Ukikata kiuno kabla hapajatulia, mguu huo unaweza kubaki ukiburutwa maisha yako yote. Siku hiyo utaamua mwenyewe, mama. Mimi sitakuwapo."

Siku hizi mgonjwa wa namna hiyo angeambiwa asilale zaidi ya siku mbili tatu, atembee kadiri anavyoweza. Nimesoma hivyo. Lakini miaka ile dawa ilikuwa ubao, na Mwahija aliufuata kama swala.

Ubao wenyewe ulikuwa mlango. Maftaha alikuwa anamtengenezea mwenye duka mmoja mlango wa mninga, na hakukuwa na kitu kingine kipana vile nyumbani. Akaulaza juu ya kitanda, akatandika mkeka, akamlaza mkewe. Mwenye duka alipokuja kuuliza mlango wake umefikia wapi, Maftaha alimwambia mbao zinapumzika. Alipokuja mara ya pili, Maftaha alimwambia ni mbao zinazohitaji kupumzika sana. Dukani wakaendelea kuzibia kwa bati.

Mwanaasha alikuja kila alasiri kufundwa. Hii ilikuwa shida mpya, kwa sababu Mwahija alizoea kufundisha kwa mwili: tazama, fanya. Sasa alikuwa amelala chali, akiangalia makuti ya darini. Ikabidi atumie maneno, na akagundua kwamba mambo mengine aliyokuwa akiyaonyesha miaka yote hajawahi kuyafikiri. Mwanaasha alikuwa mwenye maswali. Aliuliza kwa nini, na majibu mengine ya Mwahija yalikuwa kwamba hapana sababu, basi hilo liache.

Ngoma aliifundisha kwa vidole. Aliweka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya ubao, shahada na cha kati, vikasimama kama miguu, na kiganja kikawa kiuno. Vidole vilitembea, vikasita, vikazunguka. Kiwiko kilitulia kabisa, kama mabega yake yalivyotulia zamani. Mwanaasha aliinama kutazama karibu, akasahau kwamba anatazama mkono.

Wiki ya tatu ilipoisha Mwahija alisimama. Kidole gumba kiliinuka, si sana. Ndara haikuvuka. Na siku moja, akipita mbele ya kioo cha Maftaha cha kunyolea, akaona kwamba amenyooka. Moto ulikuwa umepanda ukabaki pajani, kisha takoni, kama mgeni anayeaga mlangoni na haondoki. Akajifunga kanga akajaribu kuzunguka kiuno mara moja, kidogo tu. Moto ukashuka hadi kidoleni. Akafungua kanga, akaikunja. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Akamtuma mtu Kitomanga.

Kadija alikuja akidhani ameitiwa kulaumiwa, na alikuwa na utetezi wake tayari. Mwahija hakumlaumu.

"Nataka kiuno chako," akamwambia.

"Changu?"

"Cha siku moja. Mtoto ni wangu, maneno ni yangu, mkono atakaoshika ni wangu. Kazi ya kiuno ufanye wewe."

Kadija akakitazama kiuno chake mwenyewe. "Miaka mingapi nimengoja uniombe kitu," akasema, "na ndiyo unakuja kuniomba hiki baada ya mimi kukukanyaga." Kisha akauliza, "Lakini Mastura alisema uwe wewe."

"Najua alichosema," Mwahija akajibu. Jibu jingine alilitafuta siku zote nane.

Siku ya arusi ua wa Mwahija ulijaa tangu adhuhuri. Wanawake walikuja kumwona Mwanaasha, lakini zaidi walikuja kuuona mlalo ukichezwa na mwenyewe, kwa kuwa ilisemwa kwamba alijifungia wiki tatu akiutengeneza. Mlango ukafunguliwa. Mwahija akatoka ameshika mkono wa Mwanaasha, akatembea ua mzima kutoka kizingitini hadi mkekani, polepole, wima kama nguzo ya msikiti. Nyuma yao akafuata Kadija. Ngoma ikalia, Kadija akaingia katikati na kulala upande wa kulia, na wanawake sitini wakalala upande huo huo. Ua wote ulikuwa umeegemea upande mmoja, na katikati yake Mwahija peke yake alikuwa amenyooka. Wakaanza kunong'onezana. Mmoja alisema huenda huo wa kunyooka ndio mtindo mpya zaidi, na mstari wa nyuma ukaanza kunyooka kwa tahadhari.

Ilifika zamu ya chetezo. Bibi arusi huokota chetezo cha udi chini na kumpelekea mama yake, na mahali pa mama alikuwa amesimama Mwahija. Mwanaasha hakuinama kama wengine. Alichuchumaa, mgongo umenyooka, akakiinua kwa magoti, bila kumwaga hata jivu. Wanawake wakavutiwa. Bibi Tawakali, yule shangazi, akauliza kwa sauti kubwa kwamba namna hiyo nayo ni ya wapi.

"Ya hospitali," Mwahija akasema.

Bibi Tawakali akacheka, akidhani ni mzaha, kisha akasogea mbele. "Sasa wewe. Kadija amecheza, tumemwona. Lakini Mastura alikutaka wewe. Mlalo mara moja tu, Mwahija, mtoto aondoke na radhi."

Makofi yakaanza. Kanga ikarushwa, ile ile aliyoichagua, akafungwa kiunoni na mikono asiyoijua. Sitini walikuwa wanamwita kwa jina. Kadija alimtazama akatikisa kichwa kidogo, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na ushindani. Mwahija alihisi mguu wa kushoto ukingoja. Alijua angeweza. Mara moja, angeweza.

Akafungua kanga.

"Hakuna mlalo," akasema. "Nilikuwa naumwa. Nililala upande kwa kuwa nilishindwa kusimama. Mkaniiga."

Makofi yakafa moja moja.

"Na kinu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hakukuwa na kinu. Nilipiga chafya."

Nimesimuliwa kwamba kimya kile kilikuwa kirefu kiasi cha kusikia kuku akitoka kinuni. Wanawake walitazamana, wengine wangali wamelala upande. Bibi Tawakali alikuwa wa kwanza kujinyoosha, taratibu, akishika kiuno chake mwenyewe. "Miezi miwili," akasema, "miezi miwili mimi sikulala kwa maumivu ya ubavu, kwa ajili ya chafya ya mtu." Na mtu mmoja akaguna, na wa pili, kisha ua ukapasuka kwa kicheko, wanawake wakaangukiana, na Mwahija akawa anacheka pia, ameshika ukuta kwanza.

Mwanaasha hakucheka. Alichuchumaa tena vizuri, akaweka chetezo chini, akasimama na kuukunjua mkono wake wa kushoto mbele ya kungwi wake, kiganja juu, kama mtu anayetandika mkeka.

Mwahija akaelewa. Akaweka vidole viwili juu ya kiganja kile. Aliyepiga ngoma alikuwa karibu, akaona, akapiga polepole, kwa ncha za vidole. Vidole vikatembea, vikasita, vikazunguka. Mabega yalitulia kabisa. Wa mbele wakainama kuona, wa nyuma wakasimama juu ya vinu na vigoda, na ule ua uliokuwa ukipasuka ulitulia tena, na Mwahija akamcheza binti wa Mastura mwenyewe, yeye na si mtu mwingine, kuanzia kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye ncha za vidole, hapo vidole vyake vikapiga magoti na kutua. Wakapiga vigelegele hadi Maftaha akasikia barazani, akauliza kama mke wake amesimama wima. Wakamwambia ndiyo.

Kadija alimsogelea sikioni wakati wengine wanaenda kula.

"Na Kitomanga nitawaambia nini? Nimewapa na maana zake."

"Waambie wajinyooshe," Mwahija akasema. "Polepole, lakini. Wasije wakateguka."